Njia tatu za kwenda Milano, na pasipoti niliyoiacha chini ya faili

Jumatatu, mwezi wa saba, 2007.

Leo unyevu umezidi. Nimetoka ofisini kwenye kiyoyozi, miwani ikafunga ukungu papo hapo, nikasimama kwenye ngazi napapasa ukuta mpaka mlinzi wa jengo akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nina hofu tu, na hofu ya mwanamke mnene wa miaka arobaini na tisa haifichiki.

Niandike tangu mwanzo, maana chai haijasaidia. Wanaosoma blogu hii ni watu wanne, mmoja dada yangu, kwa hiyo aibu yenyewe ni ya kifamilia.

Wiki iliyopita nilimpangia safari madam mmoja wa mtaa wa Mirdif, mteja wa siku nyingi wa ofisi yetu ya tiketi hapa Al Mankhool. Madam ni Mwarabu, raia wa hapa hapa, lakini mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo akinikaripia hunikaripia kwa Kiswahili kizuri kuliko changu mimi wa Moshi. Sasa hivi yuko Munich. Amempeleka huyo mama yake kupasuliwa sikio, na amefuatana na watoto wawili wadogo na Felista, msichana wao wa kazi, Mkenya wa Kitui. Kesho asubuhi wanahamia Milano, ambako kijana wao mkubwa anasoma.

Daktari amemkataza bibi kupanda ndege mpaka sikio lipone.

Basi mimi, ambaye Ulaya naijua kwa picha za kalenda, nilikaa na karatasi nikalinganisha njia. Ndege ni saa moja na ushee, ila bibi haruhusiwi. Treni ya kupitia Austria inakula karibu siku nzima, na Verona wana dakika kumi na mbili tu za kuhamisha bibi, watoto na mabegi. Treni ya kupitia Zurich inachukua muda kama huo huo, lakini kubadilisha ni kwa raha, unakunywa hata kahawa, kisha ni maziwa na milima dirishani mpaka Italia. Nilimsifia madam yale maziwa utadhani ndiko nilikofulia nguo utotoni.

Akakubali. Nikajiona fundi.

Leo saa tano asubuhi akaja kaka mmoja wa Uganda ana viza ya Schengen, ile moja inayokupitisha nchi nyingi za Ulaya. Akauliza kama anaweza kuchepuka kidogo hadi Zurich. Nikamjibu bila hata kuinua kichwa: "Hapana, kaka. Uswisi bado haimo kwenye hiyo viza. Unaomba ya kwao."

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

Munich imo kwenye viza. Milano imo. Niliangalia mwanzo na mwisho wa safari, katikati nikaweka Uswisi. Madam na watu wake hawana shida, wenye pasipoti za hapa wakiwa na hiyo viza Uswisi inawapitisha. Mwenye pasipoti ya Kenya haimpitishi.

Nikatoa faili. Nakala ya juu, ambayo ndiyo niliyoisoma nilipokagua masharti, ni pasipoti ya madam. Ya Felista iko chini kabisa, sikuifunua. Na kwenye karatasi yangu ya kulinganisha njia, kwa mwandiko wangu, kuna majina manne yaliyoandikwa kamili, ya bibi, ya madam na ya watoto. Chini yake nimeandika "+1".

Felista husali na mimi kanisani kila Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko. Tunakaa benchi moja.

Nilimwona akilini akiteremshwa kwenye stesheni ya mpakani, lugha haijui, pasipoti yake ikitolewa kwenye mkoba wa madam ili maofisa waondoke nayo. Niliwaona wale watoto wakimlilia dirishani treni ikiondoka.

Sasa ungamo. Kwa dakika kumi nzima sikumpigia madam. Nilimwambia bosi wangu, akasema wakati mwingine mpakani hawakagui. Akasema pia naweza kumwambia madam reli ya Zurich imeharibika, khalas, yamekwisha, hakuna wa kulaumiwa. Uongo mtamu. Niliuonja mdomoni, nikaupanga vizuri. Halafu nikakumbuka siku ile mimi mwenyewe niliposogezwa kando uwanja wa ndege na pasipoti yangu, wenzangu wote wakipita. Nilisimama pale natazama viatu vyangu. Hata leo naweza kukuchorea vile viatu.

Nikapiga simu ya madam. Imezimwa. Nikapiga hotelini, wakasema wametoka. Nikatuma ujumbe, nikapiga tena. Mchana wenzangu walikwenda kupumzika, mimi nikabaki na samosa ambayo sikuila. Wanaonijua mimi na samosa wataelewa hali ilivyokuwa.

Saa kumi akapiga yeye.

"Mama Neema, kuna nini? Simu kumi na nne! Nimedhani kwangu kumeungua."

Nikamweleza yote bila kuyapaka rangi. Akasema: "Weye si ndiye ulonisifia maziwa?"

"Ndiye mimi, madam."

"Na mama keshawahadithia watoto. Njia ile nyengine je?"

Nikamtajia zile dakika kumi na mbili za Verona.

"Mama yangu kutoka kitandani tu ataka nusu saa! Basi, sie twende na maziwa yetu. Huyo Felista mpandishe ndege."

Nikapumua. Munich hadi Milano kwa ndege hagusi Uswisi isipokuwa kwa juu, na kwa juu hawamwombi mtu viza. Lakini madam akashusha sauti. "Nambie kweli. Weye wasali naye. Nikimpa pasipoti yake mkononi, Ulaya, peke yake, huyu atafika?"

Pasipoti ile hukaa kwenye droo ya madam, na safarini kwenye mkoba wake, tangu Felista alipoajiriwa. Nilijua anachouliza. Nilikumbuka pia mwaka jana, tukila pilau baada ya ibada, Felista akisema, "Mimi nikifika Ulaya hamtaniona tena, mtakuwa mnanitumia barua." Tulicheka mpaka wali ukamwagika.

"Atafika, madam. Namjua."

"Haya. Kwa neno lako."

Akampa simu Felista. "Mama Neema, ati ndege peke yangu? Aki wewe, umeniingiza wapi?" Alikuwa akicheka. Nikamwambia asiogope, ni mwendo wa kumaliza soda moja. Kisha akauliza polepole, "Na passport, nitashika mimi?"

"Wewe mwenyewe."

Hakucheka tena. "Sawa basi, aunty," akasema, simu ikakatika.

Nimekata tiketi yake. Safari hii nilianza na pasipoti yake, nikaandika jina herufi kwa herufi, Felista Mwikali, nikalirudia mara tatu. Nimemchagulia kiti cha dirishani, ayaone maziwa yangu kutoka juu.

Namjua. Ndivyo nilivyosema. Najua ana mtoto wa kiume darasa la tano Kitui. Najua anaimba juu kuliko kwaya na hakuna anayethubutu kumwambia. Anachokitaka maishani sijawahi kumuuliza, na wiki iliyopita hata jina lake sikuliandika. Leo nimemdhamini.

Asipotokea Milano, madam atanipigia mimi, na atakuwa na haki. Hilo naliogopa. Kuna jingine naliogopa zaidi, nalo nimeligundua jioni hii nikisali.

Ndege inatua kesho saa sita mchana kwa saa za hapa. Nimejaribu kumwombea kabla ya chakula. Nimefumba macho, nimesema, "Bwana, afike salama." Halafu nikakwama, maana nilitaka kumtajia Mungu mahali, na sikujua nimwambie afike Milano kwa madam, au afike anakotaka mwenyewe.