Beseni la Wageuzaji

Furaha mama,

Amani ikukute huko Lubumbashi. Hapa Kalemie tuko wazima; kaka yako amerudi kazini kule Kabimba.

Unauliza kama umtengee fundi wa kompyuta malipo ya kila mwezi, au umwite tu siku duka lako la mtandaoni litakapokwama. Mambo ya mtandao siyajui, ila swali lako limenikumbusha ufukweni.

Mama yangu alikuwa akianika ndakala, wale dagaa wa ziwani, ili kuwauza. Kila asubuhi, kabla ya kuuza, alitenga beseni moja la samaki kuwa malipo ya wanawake waliomsaidia kuwageuza juani na kuwaanua mvua ikija. Jirani yetu, Mama Zawadi, ambaye naye alianika ndakala, alimcheka:

"Jua linawaka hivi, wewe unalipa mvua ambayo haijanyesha?"

"Nalipa miguu yao, Mama Zawadi, ili ikimbilie kwangu kwanza," mama alijibu.

Siku moja wingu lilitokea ziwani ghafla. Mama Zawadi alipiga kelele, akawaahidi wanawake wale mabeseni mawili wakimwanulia. Wanawake walimsikia, lakini mikono yao ilikuwa imeshajaa samaki wetu. Walipomfikia, ndakala wake walikuwa wamelowa.

Kesho yake jua liliwaka tena. Ufukweni palikuwa na mabeseni mawili yaliyotengwa: letu na lake.

Unisalimie huyo fundi.

Nkambo wako, babu yako,
Yosefu