Maganga Hakuiharibu Ile Laptopu

Mwanza

Mdogo wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako nimeisikia kutoka huku, na marahaba. Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anakohoa, au ile dawa ya Kilosa imemsaidia? Mvua imefika Mikumi? Sisi huku tuna ziwa zima mbele ya macho na bado bomba halitoi maji.

Mimi nimepungua. Moyo umechoka; daktari aliniambia hivyo bila kuzunguka, nami nikamshukuru kwa kutonificha. Binti yangu ananiogesha kama nilivyomwogesha yeye. Mume wake ananikata kucha huku ananisimulia mpira ambao hata sikuuliza. Nakunywa uji, nasikiliza redio. Sina la kulalamika, Mwanaidi. Sikuwahi kushukuru hivi nilipokuwa na nguvu zangu.

Barua hii naiandika kwa ile laptopu ya banda letu la kuchapa, pale stendi ya Mikumi, uliyonipa uliponunua mpya. Bado inawaka. Na bado kila nikiiwasha lazima kwanza niandike ule mstari ambao fundi Maganga aliuandika kwenye karatasi na kuubandika chini ya kioo. Mstari huo ndio ulionifanya nikuandikie.

Unakumbuka biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye chumba kando ya barabara akafungua duka. Mlinituma Dar es Salaam nikachague mashine, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Niliichagua vizuri. Niliijaribu dukani, ikawaka bila tatizo. Lakini niliposhuka basi Mikumi, mfuko mkono mmoja, gazeti mkono wa pili, mfuko uliniponyoka kwenye ngazi ukagonga lami kwa kona. Nikaokota, nikafuta vumbi kwa leso, nikaja mpaka bandani nikasema, "Hii hapa, nzima kabisa."

Nawe ukapiga vigelegele.

Ilipogoma kuwaka mkamwita Maganga, yule fundi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge. Akaifungua, akaona ufa kwenye ubao wa ndani, akanitazama.

"Mwalimu, hii imeanguka. Babu zangu Wanyamwezi walibeba mizigo toka Tabora mpaka pwani, hawakudondosha kitu. Wewe Msagara, kutoka mlango wa basi mpaka chini tu, puu!"

Banda zima likacheka. Wewe ulishika mbavu. Nikamjibu, "Nenda zako, mpagazi wee! Umekosa pembe za ndovu za kubeba, sasa unabeba uongo." Mkacheka zaidi. Kwa kuwa Mnyamwezi ni mtani wetu sisi Wasagara, hakuna aliyefikiri kwamba amesema kweli. Nami nikajificha humo humo ndani ya utani.

Alihangaika nayo siku tatu. Mfumo wa kuiendesha uliokuja nayo ulikataa. Akaweka mwingine, wa bure, nao ukaishia njiani. Baadaye alinieleza tukiwa wawili, nikamwelewa upesi, maana maisha yangu yote nimeita mahudhurio darasani. Ndani ya mfumo mna kiini, wao wanakiita keneli. Mashine ikiwaka, kiini kinaita majina: kibodi, upo? Kioo, upo? Kipande kinachopima betri kilikuwa kimeumia, kikiitwa kinajibu ovyo, na kiini kipya hakisogei mpaka kijibiwe sawasawa. Maganga akaweka kiini cha zamani kidogo, kisha ule mstari wa kukiambia: huyu mruke, ni mgonjwa, endelea na wenzake.

Hakuniuliza tena kama niliiangusha. Alinipa nafasi ya kusema mwenyewe, nikaaga.

Mashine ikafanya kazi, ila kwa umeme wa ukutani tu. Siku umeme ulipokatika risala ya harusi ya watu ikapotea, wewe ukamwambia Maganga mbele ya stendi nzima kwamba ameiharibu kwa programu zake za bure, maana kaka aliileta nzima. Akanitazama mara ya pili. Nilikuwa nasoma gazeti. Wateja wakamkimbia, akafunga meza yake, akahamia Kidodi kupanga foleni ya malori ya miwa.

Niliiangusha mimi. Yeye aliiponya, na kwa kazi yake banda letu lilisimama, na hadi leo mzee mgonjwa anaweza kumwandikia dada yake. Namshukuru kila nikiiwasha, na yeye hajui.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu wa Masanze kama bado anasikia, na mpwa wetu mwenye shamba Kisanga. Mwambie mahindi aliyotuma tuliyala na kuyasifu. Wewe nakushukuru kwa kuniamini. Nisamehe kwamba nilikuacha uniamini hata pale.

Sasa nakuomba uende Kidodi. Usitume mtu. Mweleze Maganga yote, umwombe radhi kwa niaba yangu na yako. Na mkishanileta Kilosa kunizika, aje msibani kama mtani, aniigize mbele ya jeneza: mfuko mkono mmoja, gazeti mkono wa pili, puu! Waache watu wacheke mpaka watosheke. Kisha simama wewe, uwaambie kwamba safari hii si utani.

Kaka yako niliyeiangusha,
Rajabu