Msumari wa Gobore

Bi Mwamvita, shikamoo. Barua hii ya ukurasa wako wa ushauri gazetini naiandika mara ya tatu, mbili za kwanza nimezichana, na hii nampa dereva wa basi la Tabora asubuhi hii hii kabla sijabadili mawazo, kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nanunua asali na nta hapa Ipole, nina mume na watoto wanne, na naomba unisaidie kuchagua bastola.

Usicheke, mama. Kazi yangu ni kuzunguka na pikapu kwa warina asali, na barabara yenyewe inakatisha msituni mwendo mrefu bila nyumba hata moja, na mwaka jana mwezi wa saba, saa nne asubuhi, watu watatu walilaza gogo barabarani wakanishusha, mmoja akaniwekea panga hapa shingoni huku anaongea kwa upole kabisa, wakachukua walichotaka wakaenda zao, halafu mwezi wa kumi na moja wakanirudia walewale, na yule mpole akaniambia, “Mama, mara ya tatu hatukuachi, maana sura zetu umeshazijua.” Nikatoa taarifa polisi, nikaomba leseni ya silaha, nikapita kijiji, kata na wilaya, nikahojiwa mpaka nikachoka, nikapelekwa mafunzo, na mwezi uliopita kibali kimetoka kwa jina langu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu Ambrosi, kaka mkubwa wa mume wangu. Kwao, na kusema kweli hata kwetu, bunduki ni ya ukoo, mkubwa ndiye msemaji wake, anayekwenda porini anaichukua, akirudi anaitundika, na mwisho wa msimu mtu anaishusha na kuipaka nta isishike kutu. Gobore la marehemu baba mkwe lilikuwa limetundikwa sebuleni kwetu tangu nilipoolewa, na ni gobore hilo lililomkata mume wangu Xavery vidole vitatu vya mkono wa kulia siku aliyolishusha kulipaka nta, sasa ni miaka sita, polisi wakalichukua, na ndiyo sababu yeye hapandi tena mitini kwenye mizinga ya nyuki na barabarani niko mimi. Lilikuwa limetoka kwa shemeji juzi yake.

Basi shemeji akasema mwanamke haendi kununua silaha peke yake, tukapanda treni wote mpaka Mwanza kwa muuzaji, na pale mezani zikawekwa mbili. Ya kwanza ni kubwa, chuma tupu, risasi zake nene, nikaishika mkono ukainama, na nilipoambiwa nivute kile chuma cha juu kurudi nyuma ili kuikoki, nilikivuta nusu kikanishinda, wanaume dukani wakaangalia pembeni kwa heshima. Ya pili ni ndogo kidogo, ya milimita tisa, nikaishika ikanienea, nikaikoki mara tatu mfululizo, lakini shemeji akaiita kichezeo cha watoto, akasema silaha ya kwanza huchukuliwa kubwa, mkono utaizoea wenyewe. Tulipotoka Mwanza alinihutubia mpaka Bukene, kwamba hiyo kubwa ndiyo itakayomfaa kila mtu, kwamba mwenye safari ya msituni ataichukua na akirudi ataitundika, na mimi nikawa naitikia tu, ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Wiki iliyopita nimerudi kutoka Sikonge nikakuta ameshagongomea msumari mpya wa inchi sita ukutani, palepale lilipokuwa gobore. Na mimi mwenyewe nimeshachemsha nta safi nikaijaza kopo, ya kuipaka bastola.

Nimemuuliza mume wangu achague yeye. Alikuwa anasuka kamba ya mzinga, hiyo bado anaiweza, akasema bila kuinua kichwa, “Usilete humu ndani kitu ambacho kila mtu ana ruhusa ya kukishika.” Akaendelea kusuka. Sikuelewa yuko upande gani.

Jumatatu ijayo narudi Mwanza kuichukua. Nikichukua ndogo nitavunja undugu, maana shemeji ameshasema atahesabu nimemdharau. Nikichukua kubwa, yule mpole mwenye panga atanikuta bado nahangaika kuikoki. Nichukue ipi? Jina langu usilitoe.

Mimi Mama wa Ipole.

*

Marahaba, Mama wa Ipole. Umeniambia nisitoe jina lako, halafu ukamtaja mume, ukamtaja shemeji, ukaeleza na pikapu. Mwenzangu, huko Ipole watakutambua kabla hawajafika aya ya pili. Ndiyo maana nilikupigia simu kwanza. Ukasema, “Chapa.” Nimechapa.

Pole sana kwa lile panga. Mtu aliyeambiwa maneno yale na kesho yake akawasha gari akaenda kazini, mimi simfundishi ujasiri.

Bastola sizijui. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Tabora mjini, kitu chenye ncha nilichokulia nacho ni sindano. Kwa hiyo barua yako nilimpelekea Mzee Abbasi, aliyefundisha askari kulenga shabaha miaka ishirini na sasa amestaafu anafuga kuku. Nikawa namsomea, na nilipofika kwenye ile kubwa akanikatiza. “Ameivuta mpaka mwisho mwenyewe?” Nikamwambia nusu. “Basi hiyo si yake. Endelea kusoma.”

Maelezo yake ni haya. Bastola ya kwanza haichaguliwi kwa ukubwa wa kishindo. Ishike, kidole kikifikie kifyatulio bila wewe kugeuza mkono. Uivute na kuikoki bila kusaidiwa. Uweze kuipiga risasi ya pili na ya tatu bila kufumba macho. Ile uliyojifunzia, nilikuuliza kwenye simu, ilikuwa ya risasi ndogo zinazogongwa pembeni ya kitako cha ganda, ile haina teke. Hizi za dukani risasi zake zinagongwa katikati, zina nguvu, na mkono utasukumwa. Ya milimita tisa inasukuma kwa kiasi ambacho mtu wa mwili wako anakimudu, na risasi zake hazisumbui kupatikana, kwa hiyo utaweza kufanya mazoezi. Kila mwezi, mama, kwenye uwanja unaoruhusiwa. Mkono hauzoei chuma kilicholala kabatini. Ile ya kumfaa kila mtu haipo, anasema, labda iwe sufuria.

Kopo la nta alilicheka, kisha akaacha kucheka. Gobore ni bomba na nyundo, ulipake nta utakavyo. Hii inajipakia risasi yenyewe, ndani ina springi na vyuma vinavyopishana kwa unywele, nta ikiganda humo itakwama siku unayoihitaji. Tumia mafuta yake maalumu, matone machache. Kopo lako lipeleke kwa mafundi viatu. Na kila unapotaka kuisafisha, toa magazini, kile kikasha cha risasi, kwanza, halafu ivute uchungulie ndani kwa macho yako, kwa sababu magazini ikitoka risasi moja inaweza kubaki imelala kwenye mtutu, inakungoja.

Hapo kwenye risasi inayongoja ndipo Mzee Abbasi aliponiambia nirudie kusoma barua yako tangu mwanzo. Nikarudia. Akainua kidole kwenye sentensi moja. Unaijua ni ipi. “Lilikuwa limetoka kwa shemeji juzi yake.” Umeeleza treni, umeeleza inchi za msumari, na chanzo cha vidole vitatu vya mumeo umekipa sentensi moja fupi ukakimbilia Mwanza. Miaka sita, Mama wa Ipole! Gobore lilirudishwa ukutani likiwa limeshindiliwa baruti na risasi, na nyumba nzima mkakubaliana kwamba lilijilipukia lenyewe. Sasa aliyelirudisha vile ndiye anayekuchagulia la pili, na msumari ameshagonga.

Nimekasirika, sifichi. Nimekukasirikia wewe kidogo, maana unamwogopa shemeji kuliko mwenye panga. Na unaniandikia eti hukuelewa mumeo yuko upande gani. Xavery ameongea waziwazi, tena kwa adabu kuliko mimi. Hataki tena kitu cha kushikwa na kila mtu. Huyo ndiye mwenye haki ya kusema kuliko wote mle ndani, akasema, ukamwona anasuka kamba tu.

Sasa sikiliza. Leseni ina jina moja, nalo ni lako. Bastola hiyo haiazimwi, haikopeshwi, haitundikwi. Ikiwa nyumbani inakaa kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani, ufunguo unao wewe, na watoto wasijue ulipo. Ikiwa safarini iko mwilini mwako, si chini ya kiti. Na gogo likilazwa tena barabarani, ukiweza kugeuza gari geuza. Wakitaka asali wape asali, wakitaka nta wape nta; bastola si ya kulinda ndoo. Ni ya siku ile tu yule mpole atakapoamua kutimiza ahadi yake, na ninaomba usiione siku hiyo. Wakumbushe polisi habari ya wale watu kila wiki, usitulie eti kwa kuwa una bastola.

Lakini ukiuliza ipi, umeshajijibu pale mezani ulipoikoki mara tatu. Hukuwa unaniuliza habari ya bastola.

Kabla ya Jumatatu kuna Jumapili. Mwalike shemeji baada ya misa, mpikie vizuri, mpe maji anawe. Mkishakula, Xavery akiwa amekaa hapohapo, chukua nyundo ung'oe ule msumari mbele yao wote wawili. Akiuliza kwa nini, usimtukane na usilie. Mwambie, “Shemeji, gobore lilirudi limeshindiliwa.” Kisha nyamaza umwache. Anaweza kuinuka akaondoka, na undugu mnaoulinda kwa kunyamaza acha ulegee kwanza. Anaweza pia kulia. Huenda miaka sita yote anangoja mmoja wenu amwambie. Mimi simjui, wewe unamjua.

Jumatatu panda treni, uchukue ile inayokuenea mkononi. Tundu la msumari usilizibe wewe. Changanya udongo, mwachie mumeo alizibe. Vidole saba vinatosha.