Mafuta ya Gari ya Yaya Asumani

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tatu, 1956

Nimeshona suruali mbili asubuhi, nikafunika cherehani, nikaenda kupima mafuta ya gari, yale ya kulainisha moteri, si petroli. Siku ya sita tangu niishike mimi. Kijiti cha kupimia kimetoka karibu kikavu. Nikakifuta, nikakichovya tena. Vile vile.

Gari ni ya Yaya Asumani, kaka yangu mkubwa. Kamioneti ya kabla ya vita, nyuma mbao tupu. Inapandisha ndagala, dagaa wa ziwa, na chumvi Fizi, inateremsha mihogo na bamama wa soko hapa Baraka. Nyumba mbili zinakula kwayo, yake na yangu. Tangu mwezi jana Yaya iko kitandani. Upande wa kuume umekufa, na ulimi umekufa pamoja nao. Usukani alinifundisha. Mafuta alitia mwenyewe, mi nikiwa kwenye nguo zangu. Sikuuliza kamwe.

Jumatano, tarehe 7

Dukani kwa Alimasi. Ubao mzima wa mikebe. Thelathini, arobaini, hamsini. Alimasi anasema namba ni uzito: ndogo nyepesi, kubwa nzito. Nikauliza gari yetu inataka ipi. Akaniuliza ni ya mwaka gani. Sijui.

Shofere wa kamio kubwa ya kubeba pamba alikuwa pale ananunua sigara. Akasema gari iliyozeeka inataka hamsini, nzito kama asali, izibe pale chuma kilipolika. Alimasi akasema nzito inachelewa kupanda asubuhi, chuma kinasagana kikavu. Wote wawili wanaonekana kujua. Ndilo baya.

Na kubadilisha ni lini? Mkebe unataja kilomita. Saa ya kilomita ya gari ilikufa zamani. Cherehani yangu inakunywa matone mawili kila Jumamosi, basi. Nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, tarehe 9

Baada ya sala nilikwenda kwa Yaya. Nikamwuliza polepole, kama unavyomwuliza mtoto, nikajichukia kwa hilo. Mafuta gani? Akanitazama sana. Kisha akainua mkono wa kushoto, vidole vinne. Nikasema, arobaini? Akavitikisa tena, vinne, kwa hasira.

Jibu hilo! Nilikimbia dukani. Alimasi akanipa mkebe wa arobaini, aina mpya iliyoingia juzi. Anasema haya yanaosha moteri huku inatembea. Nikamwaga ya zamani kwenye karai, nikatia haya. Yana rangi ya chai. Nimelala vizuri.

Jumatatu, tarehe 12

Fizi na kurudi, salama. Nikapima. Mafuta meusi! Siku tatu tu. Shofere wa pamba ameyaona, anasema yameharibika, nimwage leo leo. Alimasi anasema weusi ni dalili ya kazi, yanabeba uchafu. Kwa hiyo mafuta machafu ndiyo mazuri? Sielewi. Nimeyaacha.

Jumatano, tarehe 14

Siku mbaya. Kwenye mlima, Fizi bado kidogo, bamama saba nyuma na vikapu vyao, mshale wa saa ya mafuta ukaanguka chini. Kisha mlio. Nyundo ndani ya karai. Nilizima palepale.

Bamama walishuka, wakajitwika vikapu, wakaanza kupanda kwa miguu. Hakuna aliyenitukana. Mmoja, muuza ndagala mzee, alisimama kidogo karibu yangu.

“Asumani hakutuachaka mu njia hata siku moya,” akasema.

Bila hasira. Afadhali angenitukana. Kamio iliyopita jioni ikatuvuta kwa kamba mpaka Fizi.

Alhamisi, tarehe 15. Fizi

Nipo kwa fundi Wilondja. Alilala chini ya gari akafungua sahani ya chini ya moteri. Tope. Jeusi, zito, kama ugali wa muhogo uliolala. Limeziba chujio ambapo pompi inanyonya. Akanionyesha kwenye kiganja chake.

“Mafuta ya zamani iliachaka buchafu umo myaka na myaka,” akasema. “Ikakauka, ikanyamaza. Hii mupya ikaibandua yote mara moya. Mafuta si mubaya. Moteri si mubaya. We ndiye ulitia bila kufungua huku chini kwanza.”

Anasema ningepanda hata kona mbili zaidi, moteri ingekwama isizunguke tena. Kuzima kumeiokoa. Siku nzima tumesugua kwa petroli, mi na yeye. Nimenuka.

Nikamwuliza sasa nitie nini. Akasema sasa iko safi, inaweza kula aina ya zamani au mpya, lakini nisiruke huku na huku. Na namba? Ile alitiaka Asumani, akasema. Nilitaka kulia.

Jumamosi, tarehe 17

Nimemweleza Yaya yote. Sikuficha kitu. Chozi lilimtoka jicho moja. Kisha mkono wa kushoto ukainuka tena. Vinne.

Nikapandisha sauti. Nikasema ndiyo, Yaya, arobaini, nilitia, tazama ilivyotufanya. Akapiga ukuta. Nikapiga kelele, yeye akapiga ukuta. Watu wazima wawili. Mkewe, Mama Mwavita, akatoka jikoni mikono ina unga.

“Shemeji, ile si namba ya mukebe,” akasema. “Ni safari. Kila alipotoka Fizi mara ya ine, alikuwa analala chini ya gari, anamwaga mafuta. Mi ndiye nilikuwa nafula shati yake.”

Safari nne. Yaya akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi.

Mama Mwavita alikuwa nyumbani siku zote hizi. Nilimwuliza Alimasi, nikamwuliza hata shofere wa pamba. Yeye hapana. Nimeona haya.

Jumapili, tarehe 18

Kwa hiyo namba bado siijui. Alimasi amenimiminia kidogo kidogo ya kila aina kwenye vifuniko vitatu. Nikamwekea Yaya mbele bila kusema ipi ni ipi. Alichovya kidole gumba, akasugua, akanusa. Thelathini akaisukuma. Akashika hamsini. Mchana nikarudia nipate hakika. Akashika arobaini.

Nimechanganyikiwa kabisa. Nikamwuliza Mama Mwavita, sasa namwuliza kila kitu. Akasema mumewe alitia chochote kilichokuwa dukani. Mara mkebe mwekundu, mara mkebe usio na karatasi.

Nikamtazama Yaya. Aliangalia dari. Nusu ya mdomo ilikuwa inacheka, au ndivyo mdomo ulivyo sasa. Tangu utoto nilifikiri mtu huyu anajua. Nina hasira naye. Pia si hasira.

Jumatatu, tarehe 19

Nimechagua mwenyewe. Arobaini, aina mpya, sababu imeshaanza kuosha na Wilondja amekataza kurukaruka. Hamsini hapana, asubuhi za mvua kuzungusha manivela kuwasha moteri kungenivunja mkono. Thelathini Yaya ameikataa mara zote mbili, hilo angalau. Baada ya safari mbili za kwanza nimwage, nifungue chini nitazame. Kisha kila safari nne.

Alimasi anasema nikiyatupa haraka hivyo ni hasara. Labda. Sijui. Lakini nimeandika.

Jumatano, tarehe 28

Safari mbili zimetimia. Nimelala chini ya gari. Chujio kina uji mwembamba tu, si tope. Mshale ulisimama mlima wote, nilikuwa nautazama kuliko njia, vibaya. Yule mama wa ndagala alipanda leo. Aliketi nyuma yangu, akaweka kikapu miguuni.

Mama Mwavita amelichukua shati langu kufua bila kuombwa.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa ine

Mboko, kumsalimia shangazi. Tumembeba Yaya mpaka kwenye kiti cha mbele, mara ya kwanza tangu augue. Akauangalia mshale. Aliisikiliza moteri, kichwa kimeinama, mi jasho linanitoka kama siku ya mtihani.

Tulipovuka mto Mutambala kichwa chake kikaegemea mlango. Niliogopa, nikapunguza mwendo, nikamgusa. Alikuwa amelala. Yaya hakuwahi kulala ndani ya gari inayoendeshwa na mtu mwingine. Hata ya mzungu.

Sikupiga honi. Mbuzi walikuwa njiani, nikasimama, nikangoja wapite.