Zizi la Ndama Chumbani

Nyambureti, Serengeti

Dada yangu Vumilia,

Kabla hujaendelea, funga mlango. Kama watoto wapo, watume dukani. Nakuomba kwa jina la marehemu Baba, neno lolote lililomo humu lisikutoke kinywani: Mama asisikie, shemeji asisikie, na wifi yako Upendo asisikie mpaka umefika mwisho wa barua. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu ya hapo nyumbani unaijua, mmoja anaongea na watano wanasikiliza. Anayekuletea hii ni mwalimu wa shule ya huku, mtu wa Njombe kama sisi, anayekuja likizo. Nimemwambia ni mambo ya shamba.

Kamwene, dada. Hamjambo wote? Mguu wa Mama unaendeleaje na baridi hiyo? Viazi vimetoka vizuri? Mimi mzima. Bado naogopa ovyo, lakini unanijua, niliogopa hata mashine ya kusaga. Mwanzoni hapa nilidhani watu wanagombana kutwa nzima. Nikisikia sauti nje ya dirisha la ofisi nilikuwa nasogea nyuma ya kabati la mafaili, kumbe wanasalimiana. Sasa hata mimi sauti imeanza kupanda.

Dada, unakumbuka mara ya kwanza. Tulinunua beseni, nguo, shali, kila kitu, na mtoto hakukaa. Mama akasema tulimtandikia mgeni kabla hajabisha hodi. Nesi alitueleza sababu nyingine kabisa, lakini Upendo aliamini ya Mama. Mwezi uliopita kwenye simu akaniambia: "Yusto, usinunue hata pini. Ukinunua, mimi huko siji. Nitajifungulia kwa Mama na nitabaki kwa Mama."

Alipokuwa akisema hivyo nilikuwa nimesimama chumbani, brashi ya rangi mkononi.

Ni kile chumba cha pili ambacho mwenye nyumba wangu, Mzee Chacha, alikuwa anawekea mahindi na majembe. Nilijiambia nasafisha tu. Kisha nikaziba matundu ya panya. Kisha, kwa kuwa ukuta ulikuwa na mabaka, nikapaka chokaa. Chokaa ikafanya chumba kifanane na kituo cha polisi, nikaenda Mugumu kununua kopo la rangi ya njano. Chini ya bati nimetandaza magunia meupe ya salfeti, maana mvua ya huku ikianza kupiga hata mtu mzima anashtuka. Dirishani nimeweka wavu wa mbu na pazia la maua. Ukutani nikachora pundamilia, si tuko Serengeti? Mama Ghati, mke wa Mzee Chacha, akachungulia.

"Karani, huyo punda amechapwa na nani?"

"Nimempamba tu, mama."

"Basi mpe pole."

Kikabaki kitanda. Nilitaka kile chenye vizuizi pembeni, mtoto asianguke. Nikaenda kwa fundi Mwita, seremala ambaye pia ni mfugaji, kama wote hapa. Kutaja mtoto niliogopa. Huku ukimwambia mtu jambo asubuhi, mchana unapongezwa na usiyemjua.

"Nataka kitu chenye uzio pande zote nne," nikasema. "Ndani atalala mdogo."

"Mdogo gani?"

"Mdogo tu."

Akanitazama. "Anapiga mateke?"

Nikakumbuka Upendo anavyolalamika kukosa usingizi. "Anapiga sana."

"Ahaa. Nimekuelewa, Karani. Niachie mimi."

Jumamosi iliyopita mkokoteni wa ng'ombe ukaingia uani, na nusu ya kijiji nyuma yake. Juu yake kulikuwa na zizi la ndama. Nguzo nene kama paja langu, lango lenye komeo, na pembeni kihori cha kulambia chumvi. Wanaume wakalibeba mpaka chumbani, likakaa chini ya pundamilia wangu kana kwamba ni lake. Mmoja akauliza kwa nini ndama awekewe pazia la maua.

"Huyu amesoma," fundi Mwita akamjibu. "Ng'ombe wa msomi hawapendi kutazamwa."

Dada, furaha iliyokuwepo! Hapa mwanaume asiye na ng'ombe ni mgeni tu aliyechelewa kuondoka. Tangu nifike wananitania kwamba nanunua maziwa ya chupa kama mgonjwa. Siku hiyo walinipa mkono mmoja mmoja. Mzee Chacha akatangaza mbele ya wote: "Zizi halikai tupu. Nitampa ndama jike amlee, akizaa tutagawana." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikasema "asante, baba" kwa sauti ya kifaranga.

Walipotawanyika nikakaa kizingitini. Mama Ghati akanikuta.

"Unapewa ndama jike, halafu unakaa kama umefiwa?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kanga usoni. Nilipofika kwenye habari ya yule wa kwanza, akaishusha kanga. Akainuka, akaingia chumbani, akashika uzio na kuutikisa. Haukusogea.

"Hata sisi hatutandiki nguo za asiyekuja bado," akasema. "Mama yako hakukosea. Lakini zizi ni kitu kingine. Ng'ombe ana mimba, utakaa bila zizi? Akazalie kwa jirani? Liache liwe zizi. Siku mtoto akija tutaliosha kwa maji ya moto, tutatia godoro, litakuwa kitanda siku hiyohiyo." Kisha akazungusha macho ukutani. "Ila chumba chake peke yake! Amekukosea nini mpaka umfukuze kwa mama yake?"

"Vitabu vinashauri, mama."

"Vitabu vilinyonyeshwa na nani?"

Basi tumekubaliana: mtoto akija, usiku kwa mama yake, mchana zizini. Mzee Chacha naye ameambiwa, na amesema ndama wake anaweza kungoja neno langu.

Nilidhani nitatulia, dada, lakini siwezi kumficha Upendo. Nikinyamaza, siku atakayofika atafungua mlango ule mwenyewe, baada ya kunikataza, na sitaki hofu yake ianzie nyumbani kwangu. Nikimwambia kwa simu nitatetemeka, naye atatetemeka. Wewe ndiye shangazi. Keti naye, ninyi wawili tu, mwambie yote kama nilivyoandika, usiruke punda wala mateke. Mtazame usoni. Akiogopa, usimbembeleze. Nitumie ujumbe, "Ndama aingie," na jioni hiyohiyo ndama wa Mzee Chacha atalala kwenye rangi ya njano, nami nitaomba likizo nimfuate mke wangu hapo kwa Mama. Akicheka, mlete. Nesi amesema anaweza kusafiri mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie nimeanza mambo ya ufugaji, huo si uongo. Msalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba amejifunza kuchora. Bibi mkunga wa pale jirani naye msalimie, lakini kwa mbali, asije akakuuliza kitu.

Ujumbe wako utume mchana nikiwa ofisini, nyumbani mtandao huja na kupotea. Kutoka Mwanza pandeni basi la Mugumu, mkae viti vya mbele ili wifi yako asirushwe. Mkifika Mugumu msipande bodaboda, nitawafuata stendi na gari la mpwa wa Mzee Chacha. Nikichelewa, usimuulizie Yusto, jina hilo huku hakuna anayelijua. Muulizie karani mwenye zizi lenye pazia la maua. Yeyote utakayemshika mkono atakuleta mpaka mlangoni.

Mdogo wako, mwoga yuleyule,
Yusto