Fomu ya Maman Espérance

Jumatatu, 7 Mei 2001
Saa mbili ofisini Kamembe, kwenye shirika letu la kutafuta watoto waliopotea. Chai. Modemu ikalia kama kawaida, kisha kimya. Fomu haikwenda Kigali. Jumamosi niliweka toleo jipya la lugha tuliyoandikia programu yetu, kwa disketi za Aline, mwenzangu wa Kigali. Sasa maktaba ya mtandao, lile fungu la msimbo linalozungumza na modemu, inagoma. Inasema matoleo hayalingani.

Na fomu yenyewe ni ya Maman Espérance. Mwanawe alipotea siku tulipokimbia vita Bukavu, akiwa na miaka mitatu. Wiki iliyopita alimtambua kwenye picha za watoto wanaolelewa kituoni Kigali. Fomu isipofika kabla ya Ijumaa saa sita mchana, mtoto anapewa familia nyingine na faili linafungwa.

Jumanne, 8 Mei
Nimefuta, nimeweka upya. Mara tatu. Kosa lile lile.

Nimempigia Aline simu, nikamfokea kwamba disketi zake mbovu. Kwa upole akasema kwake zinafanya kazi. Upole wake uliniudhi zaidi. Nikamwomba apokee maelezo kwa simu. Amekataa: bila fomu yenye picha ya mzazi na alama ya kidole, mtoto hatolewi. Mwaka jana watoto wawili walikabidhiwa watu wasio wazazi wao. Ana haki. Nimemchukia hata hivyo.

Jumatano, 9 Mei
Nimefunga disketi yenye fomu na picha kwenye bahasha, nimeipeleka kwenye basi. Hakuna basi. Maporomoko ya udongo yamekata barabara msituni Nyungwe.

Maman Espérance amekuja kwa miguu kutoka Gihundwe, akakaa kwenye benchi mpaka tunafunga. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza. Sili vizuri.

Alhamisi, 10 Mei
Leo nimefanya nilichopaswa kufanya Jumatatu. Nimeiambia programu iniandikie maktaba inaitoa wapi.

Kwenye folda ya AKIBA. Folda yangu mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tulitoka Bukavu mikono mitupu, na tangu hapo situpi kitu. Nyumbani chumvi pakiti mbili, viberiti viwili, vyeti nakala tatu, moja kwa shangazi kule Giheke. Mke wangu hucheka. Maktaba ya zamani nayo niliificha pembeni, nikaiamuru programu ianzie hapo kabla ya kwingine kote. Kisha nikasahau. Kila nilipoweka mpya, programu iliipita na kwenda kuchukua kuukuu. Aline hana kosa hata chembe.

Nimeifuta. Programu imefunguka bila kosa. Nikainua simu: laini imekufa. Imekufa kutwa nzima. Nimepiga meza mpaka kiganja kimevimba.

Ijumaa, 11 Mei
Saa tatu, hakuna laini. Saa nne, hakuna. Saa tano na robo imerudi, yenye mikwaruzo. Fomu ikapita. Picha ikaanza kupita, ikakatika nusu. Nikaanza tena. Nilimkataza kila mtu kugusa simu, hata mkubwa wangu.

Saa sita kasoro dakika kumi, Aline akapiga simu: imefika, mtoto anabaki.

Nimemwomba msamaha. Akacheka, akasema nimletee sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nimekwenda kulia chooni.

Jumapili, 13 Mei
Barabara imefunguliwa. Nimemkuta Maman Espérance kituo cha basi asubuhi, tiketi ya Kigali mkononi, kitenge kipya. Nilidhani nitanyamaza, nikashindwa. Nilimweleza kwamba wiki nzima alisubiri kwa sababu ya kosa langu, si la mashine.

Akanikabidhi mfuko wake.

“Papa, mie njo nilimuachiliaka mutoto mukono, siku ya kukimbia. We ulichelewa siku ine tu.”

Nilimpandishia mfuko wake kwenye basi, nikasubiri dereva awashe gari.