Moja ya Nane ya Shangazi

Mtaa wa Stendi,
Makambako, Njombe.
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Benno,

Jumanne iliyopita, tarehe 12, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, shangazi yetu Feliciana alipoteza heshima yake mbele ya watu wa stendi ya Makambako, na mimi nikapoteza ruhusa ya kuingia kwake. Nimeanza na hilo ili usije ukasoma salamu zangu ukadhani mambo ni shwari.

Sasa salamu. Kamwene. Hamjambo huko Dar? Anjela kifua kimepona? Mtoto ameshaota meno? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka, ukungu unakaa mpaka saa nne na maji ya bomba yanauma mifupa. Baba yako goti linamsumbua, lakini viazi vyake bado anavichimba mwenyewe na hataki kusaidiwa. Duka langu linakwenda: picha za pasipoti, fotokopi, kulaminisha vyeti. Kwa hayo mshukuru Mungu pamoja nami, kisha kaa chini usome.

Nikukumbushe tulikotoka, maana una tabia ya kusema hukuelewa habari imeanzia wapi. Kamera ulinitumia wewe, mwezi wa nne, imeviringishwa kwenye fulana yako ya zamani. Nilishukuru na bado nashukuru. Ni wewe pia uliyenipigia ukasema, "Dada, ukiiacha kamera ile kwenye otomatiki ni kama umenunua Fuso ukaendea sokoni kununua nyanya." Nikacheka, nikajiandikisha mafunzo ya siku mbili ya wanaoanza, kule Njombe, tarehe 13 na 14 Juni. Tulikuwa watu kumi na mmoja, mwanamke peke yangu.

Unanijua. Nilianza maisha hapa njia panda kwa kuwakaangia madereva wa malori maandazi, na hakuna dereva aliyewahi kuondoka na chenji isiyo yake. Kwa hiyo siku ya kwanza, wenzangu walipokuwa bado wanakuna vichwa, mimi nilishaona kwamba namba zenyewe ziko tatu tu: upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata, ile pazia inayofunguka na kufunga, na ISO, yaani jinsi kamera inavyoupokea mwanga. Shata ukiitoa 60 ukaipeleka 125, mwanga unabaki nusu. Ukifika 250, robo. Ukifika 500, moja ya nane. Mwalimu Agustino akawaambia wale vijana, "Mwulizeni mama huyu, mimi nimechoka." Nililala usiku ule kwa raha ambayo sijaipata tangu niliponunua mashine ya fotokopi.

Siku ya pili palihitajika mahali penye giza na mwanga kwa pamoja, tujifunze kupima mwanga wenyewe bila kusaidiwa na kamera. Mimi kwa kiherehere changu nikasema shangazi yangu wa Matembwe ana jiko la nje. Tukakodi gari tukaenda.

Lile jiko unalijua, Benno, umekulia mle. Ni la tofali za kuchoma, limepakwa chokaa, lina dirisha, lina taa ya umeme, na vikombe kumi na viwili vimening'inia kwenye misumari yake. Unajua pia kwamba ndani ya nyumba kubwa shangazi ana jiko la gesi la plate mbili tangu mwaka 2019, na mtungi wa kilo kumi na tano, alioununua kwa mbao za misindano aliyoipanda kwa mikono yake. Kuni anawasha kule nje ili akaushe mahindi ya mbegu yaliyofungwa juu ya moshi, na ili aote moto wakati wa baridi. Basi.

Alikuwa anatusubiri. Kitandani alikuwa ametandaza kitenge chake cha bluu na kitambaa cheupe cha kichwa, vimepigwa pasi. Akanivuta pembeni akaniambia, "Hulda, nataka moja nzuri, ya kubebwa mbele yangu siku yangu ikifika. Niichague mwenyewe nikiwa na macho. Msije mkanikata kwenye picha ya harusi ya mtu kama mlivyomfanyia marehemu mume wangu, mkamsindikiza na bega la mtu mwingine." Tukacheka wote wawili, maana ni kweli, lile bega hatujui mpaka leo lilikuwa la nani.

Mwalimu akamwomba akae kwanza jikoni hivyo hivyo na nguo zake za kazi, tupate namba. Akamwambia, "Mama, usitabasamu."

Shangazi akauliza, "Kwani nimefiwa?"

Nilianza vizuri. Shata 60, tundu 4, ISO 1600. Picha ikatoka safi: ukuta mweupe, vikombe vyote ukitaka unahesabu, swichi ya taa, shangazi anakaribia kucheka. Akaniuliza, "Nikavae?" Nikamwambia, "Subiri shangazi, hizi ni za kujaribia namba tu." Nikaipeleka shata 125, nikapiga. 250, nikapiga. Akauliza tena, "Nikavae?" Nikamwambia subiri. Nikafika 500, vingine vyote sikuvigusa. Kwenye ile ya 500 ukuta umezama, vikombe hakuna, swichi hakuna. Umebaki moto, moshi, na nusu ya uso wa mama mzee aliyeinama kama amelala njaa siku tatu. Mwalimu akachungulia skrini akapiga kelele, "Hii! Hii ndiyo ina hisia!" Wale vijana wote wakaja kuipiga hiyo hiyo.

Mara ya tatu shangazi alipouliza kama akavae, dereva alikuwa ameshapiga honi. Nikamwahidi nitarudi. Sijitoi kwenye lawama, Benno. Mlango wa jiko lile niliwafungulia mimi, na neno "za kujaribia" lilitoka kinywani mwangu.

Jioni ile nilikurushia picha mbili, ya 60 na ya 500, nikijidai, uone nilivyoelewa. Ukanijibu ndani ya dakika moja, wewe ambaye salamu yangu huwa unaijibu baada ya siku nne: "Dada, hiyo ya giza nitumie kama dokumenti, ubora usipungue." Nikaituma. Nilidhani umejivunia mimi. Sasa nikikumbuka furaha niliyokuwa nayo wakati natuma, natamani simu ingeishiwa chaji.

Sikia basi jinsi ilivyokuwa. Jumanne shangazi alishuka Makambako na mtungi wake, gesi ilikuwa imekwisha. Akachukua bajaji mpaka duka la Jackline, yule wakala wa kampuni yenu ya gesi anayetazamana na stendi. Na pale ukutani, mita nne kwa tatu (upana nimeupima mwenyewe kwa hatua zangu), akajikuta yeye kwenye tangazo lenu. Moshi, giza, nusu ya uso. Juu yake mmeandika: BADO UKO HUKU? Kando yake mmemweka binti wa mjini, aproni nyeupe, meno yote nje, anapika kwenye jiko linalofanana kabisa na la shangazi: HAMIA HUKU.

Jackline naye akasema kwa sauti, bila ubaya, nadhani kwa mshangao tu, "Mama, si wewe huyu?" Dereva wa bajaji akaangalia juu, akaangalia chini, akaona mtungi. "Bibi, kumbe leo ndiyo unahama!" Stendi nzima ikacheka. Wauza chipsi, wapiga debe, abiria waliokuwa madirishani. Mwanamke ana miaka sabini na mmoja, ana ekari tatu za miti, amemsomesha mtu mpaka akapata kazi kwenye ofisi ya matangazo ya kampuni ya gesi. Mtu huyo ni wewe.

Hakujaza gesi. Alikuja dukani kwangu kwa miguu, mtungi mtupu begani, akaushusha juu ya kaunta katikati ya wateja. Akaniuliza swali moja tu: "Hulda, na zile zenyewe ziko wapi?" Nikamvutia kiti, akakataa. Nikamwekea chai, hakuitazama. Akasema, "Mlango wangu usiugonge tena na hicho kidude chako, wala bila hicho kidude," akaenda kupanda gari. Mtungi uko hapa mpaka leo, nauangalia ninapoandika. Naambiwa sasa anapikia kuni, chakula chote. Hongereni ofisini kwenu. Tangazo lenu limemwondoa mteja wa miaka sita kwenye gesi likamrudisha kwenye moshi.

Nilikupigia jioni ile ile. Nitakuandikia maneno yako uyaone kwenye karatasi yalivyo. Ulisema, "Dada, hakuna atakayemtambua, picha yenyewe ni giza." Kuanzia Matembwe mpaka Makambako hakuna kanisa ambalo shangazi hajaimba. Dereva wa bajaji amemtambua! Ukasema, "Ni sanaa." Ukasema, "Ofisini waliipenda sana." Mwisho ukasema una kikao. Tangu hapo nimepiga mara tisa, na ujumbe wangu mrefu umeujibu kwa kidole gumba. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Karatasi huwezi kuijibu kwa kidole gumba.

Kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba ulikuwa na zote mbili mkononi. Ungekuwa na ile ya giza peke yake ningesema mtoto wa watu hakujua. Lakini ulimwona shangazi mzima, na ukuta wake na vikombe vyake ulivyonywea uji, ukamweka pembeni. Kutoka 60 mpaka 500 nilikata mwanga kwa nusu mara tatu. Ulichobandika pale stendi ni moja ya nane ya shangazi, na hiyo moja ya nane ndiyo uliyoona inafaa kuuza mitungi.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea picha zote mbili, nimezisafisha mwenyewe, na namba nimeziandika nyuma. Zipeleke dirishani uzitazame. Mwonyeshe na Anjela, yeye anafikiri.

Jumapili ijayo, tarehe 24, kwaya ya Matembwe inakuja hapa kwenye jubilei. Shangazi ameimba humo miaka arobaini na moja na walikuwa wamemwandalia zawadi. Magari yote yatashushia watu stendi. Amemtuma mwenzake wa kwaya aniambie kwamba haji. Anasema hawezi kupita chini yake mwenyewe. Nami nilimtuma huyo huyo arudi akamwulize anataka nini, pesa, au kitenge kingine, au uje umwombe radhi. Jibu lililorudi ni hili: "Sitaki pesa za Benno. Nataka nishuke pale ukutani." Hakuna kingine alichoomba.

Na picha ya kubebwa mbele yake hana, Benno. Lifikirie hilo vizuri. Shangazi akifumba macho wiki hii, picha yake kubwa kuliko zote duniani ni ile, na kamera hataki tena kuisikia, yangu wala ya mtu mwingine. Namba zake ninazo, 60, 4, 1600, kamera nimeiacha hapo hapo sijaigusa. Lakini siwezi kumwambia akavae wakati bado yuko pale juu.

Jackline nimemfuata. Ngazi anayo, ya mita tano, inatosha, na kwa moyo wake angeshalishusha tangazo. Anachosema ni kwamba ruhusa lazima itoke ofisini lilikotoka, vinginevyo anapoteza uwakala. Ofisi ndiyo wewe. Simu moja tu kwa Jackline.

Baba yako sijamwambia. Nilipompelekea dawa ya goti aliuliza mbona dada yake hapokei simu, nikasema mtandao. Uongo huo ni wa kwanza na wa mwisho kukusemea.

Msalimie sana Anjela, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Waambie majirani wa kwetu walioko huko kwamba tunawakumbuka. Mungu aifunike nyumba yenu, awape afya na kazi isiyowatoa kwa watu wenu, na wewe akuongezee aibu kidogo, itakufaa.

Bahasha hii naikabidhi kwenye basi la kesho alfajiri, utaipokea jioni. Kwa hiyo una siku nne. Sitaki maelezo ya kampuni, sitaki "tutaongea dada". Nataka neno moja kabla ya Ijumaa tarehe 22, saa kumi jioni, ili Jumamosi ngazi isimame: shangazi anashuka, au hashuki?

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, ingawa leo ni kwa taabu,

Hulda.